Kunguni ndani ya nyumba ya kupanga na dipoziti iliyokwama: mwongozo kamili kwa mpangaji wa Kenya

Ugomvi wa dipoziti hauanzi siku ya kuhama. Huanza asubuhi mpangaji anapoamka na alama za kuumwa zilizojipanga mkononi, akamwambia keteka (mtunza jengo) kwa mdomo, keteka akajibu "sawa, tutaangalia", na pakaishia hapo. Miezi minane baadaye dipoziti ya shilingi 18,000 inakatwa "gharama ya kupulizia dawa", na mpangaji hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba wadudu walimtangulia ndani ya nyumba ile. Kesi hizi huamuliwa na tarehe. Nani aliona nini, wapi, siku gani, na alimwambia nani kwa maandishi. Mengi yaliyo hapa chini ni namna ya kuzipata tarehe hizo na kuzitumia.

Mwongozo huu ni wa nyumba za kuishi zinazolipiwa kodi kila mwezi nchini Kenya. Mfano wetu ni kunguni, kwa sababu ndio wanaoleta ubishi mkali zaidi kuhusu nani aliwaleta, lakini hatua ni zilezile kwa mende na panya.

Sheria inampa mpangaji nini

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamfunga mwenye nyumba hata pale mkataba unaponyamaza: nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa siku upangaji unapoanza, na kibaki hivyo muda wote. Jengo likiwa na wapangaji wengi, yeye ndiye anayetunza paa, kuta kuu na za nje, mitaro mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana panya na mende wengi hupitia kwenye mtaro uliopasuka au kwenye nafasi ya mabomba ya maji taka, na huko mpangaji hana mamlaka ya kugusa.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, nayo inahesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero, na afisa wa afya wa kaunti anaweza kumpa mhusika notisi ya kuiondoa.

Mpangaji naye ana wajibu. Anatakiwa kurudisha nyumba katika hali aliyoipokea, ukiondoa uchakavu wa kawaida wa matumizi. Akinunua kochi kuukuu lenye kunguni akaliingiza ndani, mzigo huo ni wake. Lakini hoja ya "wewe ni mchafu" haina uzito kwa kunguni. Kunguni hula damu, si makombo, na hukaa vizuri tu katika nyumba inayopigwa deki kila siku. Kwa mende hoja hiyo ina ukweli kiasi, kwa hiyo jikoni pawe safi kabla hujapiga picha yoyote.

Kuhusu dipoziti yenyewe, Sheria ya Ardhi haitaji siku za kuirudisha. Kinachotawala ni mkataba wako. Kabla hujasaini, hakikisha umeandika siku hizo (30 zinatosha), makato yanayoruhusiwa, na kwamba kila kato litakuja na risiti.

Kagua kabla lori halijashusha mzigo

Dakika 20 za kazi hii zina thamani kuliko barua zote utakazoandika baadaye. Nyumba ikiwa tupu, huna kitanda wala kochi la kusingiziwa. Chukua simu yenye chaji, tochi, kadi ngumu ya plastiki, selotepu pana inayoonyesha na karatasi nyeupe.

Anza na ukuta ambao kitanda kitaegemea. Mulika ukingo wa kila soketi na swichi, lakini usifungue kifuniko mwenyewe kwa sababu ya umeme. Pitisha kadi kwenye nyufa za fremu ya mlango na dirisha, pembe za dari, misumari ya pazia na nyuma ya kabati lililojengewa ukutani. Unatafuta vitu vinne. Vidoa vyeusi kama vya kalamu ya wino, ambavyo ukivigusa kwa pamba yenye maji huacha rangi ya kahawia iliyoiva: hicho ni kinyesi chenye damu iliyosagwa. Mayai meupe ya takriban milimita 1, yaliyogandishwa kwenye ufa. Maganda matupu, mepesi, rangi ya chai. Na kunguni wenyewe, ambao mkubwa hufikia milimita 5 hadi 7, bapa kama mbegu ya tufaha.

Maganda ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Yai huanguliwa baada ya takriban siku 6 hadi 10. Mtoto hujivua ganda mara tano kabla ya kukomaa, na kabla ya kila ganda lazima anyonye damu. Penye joto safari hiyo huchukua wiki tano hadi saba, na penye baridi hurefuka. Kwa hiyo ukikuta, katika wiki yako ya kwanza, maganda ya ukubwa tofauti yamekusanyika nyuma ya fremu ya dirisha upande wa pili wa chumba, wadudu hao hawakuingia na godoro lako. Walizaliwa na kukulia humo mpangaji mwingine akiwepo. Kunguni wazima hukaa miezi kadhaa bila kula, ndiyo maana "nyumba ilikuwa tupu miezi miwili" haiwi jibu.

Piga picha mbili kwa kila mahali: moja ya mbali inayoonyesha ni ukuta gani, moja ya karibu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi moja kando ili ukubwa uonekane. Mdudu au ganda ulibandike kwa selotepu juu ya karatasi nyeupe, uandike pembeni tarehe, saa na mahali. Alama za kuumwa zipige picha pia, lakini usizitegemee. Mbu na viroboto huacha alama zinazofanana, na afisa atakuuliza kwanza kama unaye mdudu.

Kama ulishaingia bila kukagua, fanya kazi hiyohiyo leo. Linganisha kuta na vitu vyako. Wadudu wakiwa kwenye maungio ya kitanda chako tu, ubishi utakuwa mgumu kwako. Wakiwa kwenye kuta mbali na kitanda, na majirani wawili watatu wanao, tatizo ni la jengo. Omba kila jirani aandike mistari mitatu: nambari ya nyumba, ameona nini tangu lini, na sahihi.

Taarifa ya kwanza

Iandike siku hiyohiyo au kesho yake. Itume kwa WhatsApp kwa mwenye nyumba na kwa wakala pia, kisha chapisha nakala mbili. Moja mwachie keteka, ya pili aisaini na kuandika tarehe ya kupokea. Akikataa kusaini, ipige picha karatasi ikiwa juu ya meza ya ofisi yake na umtumie mwenye nyumba ujumbe: "Leo saa nne asubuhi nimeacha barua kwa keteka." Mfano wa barua:

*Kuhusu: Kunguni, nyumba nambari B7*

*Niliingia nyumba hii tarehe 26 Februari. Tarehe 3 Machi nimeona kunguni, mayai na maganda kwenye fremu ya dirisha la chumba cha kulala na pembeni mwa soketi mbili. Picha sita zimeambatishwa.*

*Naomba ndani ya siku 7 mlete mtaalamu mwenye leseni akague nyumba hii na zile zinazopakana nayo kando, juu na chini, kisha apulizie angalau mara mbili kwa nafasi ya wiki mbili. Nipo kila siku baada ya saa kumi na moja jioni, na Jumamosi mchana kutwa.*

*Naendelea kulipa kodi kama kawaida.*

Sentensi ya saa za kupatikana inazuia wasije kusema ulikataa kufungua mlango. Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa zaidi. Kosa linalowaangusha wapangaji wengi ni kuacha kulipa kodi kwa hasira. Siku unapoacha kulipa, kesi ya kunguni inageuka kesi ya deni la kodi, na hapo mwenye nyumba ndiye mlalamikaji. Lipa, na ulipe kwa njia inayoacha alama: Paybill au benki, si pesa mkononi.

Ukilazimika kumlipa mpulizaji mwenyewe kwa sababu watoto hawalali, pata kwanza ujumbe wa mwenye nyumba unaotaja kiasi na mwezi: "Nakubali 5,500 ikatwe kwenye kodi ya Aprili." Bila maneno hayo, lipa na utunze risiti uidai baadaye, lakini usijikatie mwenyewe.

Siku 7 zikipita kimya, kumbusha mara moja kwa maandishi, kisha nenda ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako. Beba karatasi ya selotepu, picha na barua iliyosainiwa. Omba nyumba ikaguliwe kama kero chini ya Sura ya 242, na uulize nambari ya lalamiko lako. Ripoti ya afisa ina uzito ambao picha zako hazina, kwa sababu imetoka kwa mtu asiye na maslahi katika dipoziti yako.

Upuliziaji unaofanya kazi, na unaoharibu kesi

Mwenye nyumba akileta mtu, uliza mambo mawili: leseni yake, na jina la dawa kwenye chupa yenye lebo. Nchini Kenya dawa za wadudu husajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, na nambari ya usajili huwa kwenye lebo. Zipige picha.

Usinunue kamwe dawa isiyo na lebo inayouzwa kwa chupa ya soda barabarani. Mara nyingi hiyo ni dawa ya shambani iliyogawanywa, na kipimo chake hakuna anayekijua. Hatari kuliko zote ni vidonge vya fosfidi ya aluminiamu vinavyotumika kuhifadhi nafaka. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu waliolala chumbani na hata chumba jirani. Jirani akikuambia aliweka vidonge, toa watoto nje kwanza, maswali baadaye.

Pulizio moja halitoshi. Dawa nyingi haziui mayai, hivyo wanaoanguliwa baada ya siku 10 wanaanza upya. Ndiyo maana tunasisitiza raundi ya pili baada ya siku 10 hadi 14, na ya tatu kama bado wanaonekana. Pia wapo kunguni waliozoea dawa za jamii ya pairethroidi. Wakitembea kama kawaida siku mbili baada ya kupuliziwa, mtaalamu abadilishe aina ya dawa, siyo kuongeza kipimo. Na nyumba moja ikipuliziwa peke yake katikati ya safu, wadudu huhamia kwa jirani kupitia nyufa na mabomba ya nyaya, kisha hurudi.

Wewe kazi yako ni hii. Kitanda kikae angalau sentimita 15 kutoka ukutani na shuka lisiguse sakafu. Nguo na matandiko yachemshwe, au yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi. Pindo za godoro na mapazia zipitishwe pasi ya mvuke polepole. Kuanika juani peke yake kunawafukuza tu. Joto halifiki ndani ya godoro. Vitu vilivyosafishwa vifungwe kwenye mifuko hadi raundi ya pili ipite. Baada ya dawa usipige deki kwenye kingo za kuta mpaka muda wa lebo uishe. Wengi hudeki jioni ileile, wakaosha dawa yote, kisha mwenye nyumba akapata pa kusemea.

Kwa mende wadogo wa jikoni, jeli ya chambo yenye matone madogo nyuma ya friji na bawaba za kabati hushinda kupulizia. Usipulizie juu ya chambo, kwani mende hawataigusa. Panya mdogo hupita tundu la milimita 6: ziba kwa steelwool na saruji, siyo kwa gazeti.

Andika kila raundi kwenye daftari: tarehe, nani alipulizia, dawa gani, umeona nini siku ya 3, ya 7 na ya 14.

Kuhama bila kutoa sababu ya kukatwa

Notisi ndiyo inayowapotezea watu dipoziti kuliko kunguni. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, kama mkataba hausemi vingine, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi isiyopungua kipindi cha kodi, na imalizike siku ambayo kodi hulipwa. Kama kodi yako ni ya tarehe 1, notisi uliyotoa tarehe 12 Juni haiishi tarehe 12 Julai, inaishia tarehe 1 Agosti. Itoe kabla ya tarehe 1 Juni na utaondoka tarehe 1 Julai bila deni.

Usikubali kirahisi mazoea ya "dipoziti itakuwa kodi ya mwezi wa mwisho". Bila ruhusa ya maandishi, hilo ni deni.

Siku ya kutoka, omba ukaguzi wa pamoja nyumba ikiwa tupu na bado mchana. Rekodi video moja isiyokatwa kuanzia mlangoni: kila ukuta, sinki, choo, madirisha, soketi zilezile ulizopiga picha mwanzoni, mita ya maji na ya umeme. Andikeni karatasi moja ya hali ya nyumba na idadi ya funguo ulizorudisha, mkaisaini wote. Kama kulikuwa na kunguni, pata kwa mtaalamu karatasi inayosema alikagua lini na alikuta nini. Na mizigo yako usiipeleke kwa nyumba mpya bila kuisafisha, la sivyo utaanza kesi nyingine ukiwa na mkosi wa kuwa mkosaji kweli.

Kusoma makato

Halali ni kodi iliyobaki, bili za maji na umeme, na uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida. Kila kingine kidaiwe risiti. Rangi ndiyo kato linalopendwa. Kama mkataba unakutaka upake rangi, paka mwenyewe kwa ruhusa ya maandishi, na upige hesabu. Bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya mita 3 kwa 4 yenye kuta za mita 2.6 ina mzunguko wa mita 14, yaani mita za mraba 36.4; toa kama 4 za mlango na dirisha, zinabaki takriban 32. Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita za mraba 10 ikipakwa mara moja, hivyo kupaka mara mbili ni lita 6.5: ndoo mbili za lita 4. Ukiletewa bili ya lita 20 kwa chumba hicho, una pa kuanzia.

Kato la dawa lipinge kwa tarehe: taarifa yako ya wiki ya kwanza, maganda ukutani, majirani, ripoti ya afisa. Kama sehemu ya makato ni ya haki, ikubali. Anayekubali 1,200 za maji husikizwa anapokataa 9,000 za dawa.

Barua ya madai, kisha mahakama

Muda wa mkataba ukipita, tuma barua ya madai yenye mambo matano tu: kiasi ulicholipa na tarehe, siku uliyorudisha funguo, makato unayoyakubali, kiasi unachodai, na siku 14 za kulipa kabla ya kwenda mahakamani. Weka nambari ya kulipia. Usitukane wala usitishie polisi. Barua hiyo atakuja kuisoma mwamuzi.

Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unaweza kujisimamia bila wakili. Angalizo kubwa: mahakama hii haina mamlaka juu ya ubishi wa umiliki au ukaaji wa ardhi. Kwa hiyo andika dai la pesa uliyomkabidhi mtu akaishikilia bila haki, na uthamini hasara kwa risiti. Usiombe iamue kama ulipaswa kuhama. Baraza la kodi za majengo ya biashara si mahali pako, na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Wa kumshtaki ni yule aliyepokea pesa. Angalia jina kwenye ujumbe wa M-Pesa au risiti ya benki. Kama ni wakala aliyepokea kwa niaba ya mwenye nyumba, wataje wote wawili, la sivyo kila mmoja atamwelekezea mwenzake kidole. Kampuni iandikwe jina lake kamili la usajili, siyo jina la bango langoni.

Faili lako lipangwe kwa tarehe na lipewe nambari za kurasa: mkataba, malipo ya dipoziti, picha za mwanzo, taarifa ya kwanza, majibu, ripoti, notisi, karatasi ya kutoka, barua ya madai. Picha za skrini zionyeshe nambari ya simu na tarehe, na uambatishe hati ya uthibitisho wa ushahidi wa kielektroniki inayotajwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: simu gani ilitumika, nani aliitumia, picha zilichapishwa vipi. Ile karatasi ya selotepu nenda nayo yenyewe, siyo picha yake peke yake. Mweleze mwamuzi kwa sentensi mbili maana ya maganda, kisha umkabidhi.

Ukishinda na asilipe, omba mahakama itekeleze hukumu. Njia inayofaa zaidi kwa mwenye majengo ni kuomba pesa zilizo kwenye akaunti inayopokea kodi zizuiwe, na nambari ya akaunti hiyo umekuwa ukiilipia kila mwezi: ipo kwenye risiti zako.